Kosa Moja la Prefe

Wanafunzi wetu wa Gikondo, Kigali, walikuwa na majina mengi kwa walimu wao, mengine siwezi kuyaandika hapa, lakini yeye alikuwa na moja tu: Prefe. Neno lenyewe limekwisha muda wake. Ni la enzi za Kifaransa, prefe wa masomo, yule msimamizi wa taaluma anayepanga ratiba na kukagua maandalio ya walimu. Wakubwa walikwisha kulibadilisha, na mlangoni kwake pakapigiliwa kibao chenye cheo kipya kwa Kiingereza. Siku ya kwanza alikitazama kile kibao, akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akaongeza herufi iliyosahaulika. Kisha akaingia ofisini, na watu wakaendelea kumwita Prefe.

Kalamu ile haikuchagua mahali. Karatasi ya matangazo ya parokia ilitoka mikononi mwake ikiwa na mistari myekundu kama uso wa mtu aliyejikata kwa wembe. Kadi za harusi alizirudisha kwa wazazi zikiwa zimesahihishwa, na ndani ya bahasha ameweka mchango wake, tena mchango mzuri, hivyo watu wakashindwa kumkasirikia. Fundi mmoja wa magari, jirani na shule, aliandika ukutani kwake jina la gereji likiwa limekosewa herufi mbili. Prefe alikataa kumpa gari lake alitengeneze mpaka arekebishe ule ukuta. Fundi akarekebisha, akapandisha bei. Prefe akalipa bila kununa. Alisema bei ni jambo la maoni, tahajia si jambo la maoni.

Mimi nilifika shuleni hapo nikitokea Ngara, Tanzania, nilikokulia, nikiwa na cheti cha kufundisha Kiswahili na imani kwamba Kigali yote ilikuwa inanisubiri. Prefe alisoma barua yangu ya maombi ya kazi mbele yangu, mwanzo hadi mwisho, akanisogezea kuvuka meza.

“Madamu,” alisema kwa upole, “mwalimu wa lugha anaandika ‘tafadhari’?”

Nilitamani ardhi inimeze. Akanipa kazi siku hiyohiyo.

Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa cha Bujumbura, alikokulia, kile cha sokoni na cha viwanja vya mpira. Aliniomba nimkosoe kila akikosea. “Usiogope, Madamu. Mimi iko mwanafunzi wako.” Basi kesho yake aliponiuliza “iyi mambo iko namna gani,” nikamwambia tunasema mambo haya yakoje. Akafikiri sana, kichwa ameinamisha. “Sisi Bujumbura tunasema iyi mambo,” akajibu, na mjadala ukafungwa. Katika miaka yote niliyofanya kazi chini yake alikubali sahihisho langu moja tu, nalo lilikuwa la herufi za jina langu mwenyewe.

Kuhusu vitabu alikuwa na dini yake. Mwanafunzi aliyepoteza kitabu cha shule alikinakili chote kwa mkono, na michoro pia. Walimu tulimwona katili. Kisha ikajulikana kwamba kila mwanafunzi aliyekuwa akinakili alikaa ofisini kwa Prefe mwenyewe, anapewa chai na mkate, na kwamba wengine walikuwa wakipoteza vitabu makusudi. Alipoambiwa hilo alisema anajua tangu zamani. “Nikitangaza kwamba hapa iko mkate, watakuja kula. Nikisema iko adhabu, watakuja kusoma.”

Mawakala wa kampuni za vitabu walimwogopa kuliko walivyomwogopa mkaguzi wa kodi. Walikuwa wakituita kwenye hoteli za Kiyovu, ukumbi wenye vitambaa vyeupe mezani, kutuonyesha vitabu vipya kabla ya chakula cha mchana. Kila mwalimu alikuta kwenye kiti chake mfuko wenye daftari, kalamu na kofia. Prefe aliuweka mfuko wake sakafuni kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kitu kilichooza, akatoa kalamu yake. Hapokei zawadi, alisema, maana zawadi inasoma kitabu kabla yako. Lakini biskuti za mapumziko alizifunga kwenye kitambaa na kuondoka nazo. Nilipomuuliza tofauti iko wapi, alinishangaa kweli kweli. “Madamu, biskuti haina jina la kampuni.”

Ndipo ukaja mwaka wa vitabu vya Kiswahili. Wilaya ilipata fungu la kununulia shule zake za sekondari kitabu kipya cha somo langu, kitabu kimoja kwa kila mwanafunzi, jambo ambalo kwa wanafunzi wetu, waliozoea kusoma wanne wanne shingo zikiwa zimepinda, lilikuwa kama habari ya kuhamia nyumba yenye vyumba. Iliundwa kamati ya kuchagua. Prefe akawa mwenyekiti, mimi nikawa mtaalamu wa lugha, na karani wa idara ya elimu pale wilayani, mama mmoja mpole tuliyemwita Mama Ineza kwa jina la binti yake, akawa mwandishi wetu.

Vilikuja vitabu vitatu. Mkurugenzi wa elimu wa wilaya alikwisha kupenda kimoja, kizito, karatasi zinang’aa, picha za rangi kila ukurasa. Prefe hakubishana naye. Alichukua nakala moja ya kila kitabu akaja nazo shuleni, akawaita wanafunzi watatu wa kidato cha pili. Sikuelewa alivyowachagua: walikuwa watatu wa mwisho darasani.

“Aliye wa kwanza ataelewa hata maandishi ya kwenye mfuko wa saruji,” aliniambia. “Kitabu tunamnunulia huyu.”

Akawaambia wasome kwa sauti, na kila mmoja aache pale atakapochoka. Kile cha kung’aa kiliwachosha kabla ya kugeuza ukurasa wa pili. Walikuwa wakitazama picha. Cha pili kiliwalaza. Cha tatu kilikuwa chembamba, karatasi zake zimefubaa, na ndani yake mlikuwa na kisa cha mwanamke aliyegombana na jirani kwa sababu ya ukuta wa choo. Wale watatu walisoma mpaka kengele ikalia, wakaomba kujua ukuta ulibomolewa au la. Prefe akafunga kitabu. “Mtajua mwakani.”

Kwenye kikao cha mwisho Mkurugenzi alisema kitabu kile chembamba kinaonekana cha kimaskini.

“Ndiyo,” Prefe akajibu. “Hakijatumia pesa kwenye uso.”

Mkurugenzi hakuwa mwembamba wala hakuwa amefubaa, na watu wengine walicheka kuliko ilivyohitajika. Kura zikapigwa, kitabu cha ukuta wa choo kikashinda. Ikabaki kujaza fomu ya kuagiza. Fomu ile haikuwa na majina ya vitabu, ilitaka namba tu, namba ndefu ya tarakimu nyingi, inakiliwe kutoka kwenye orodha ya kampuni. Prefe hakumwachia mtu. Alikaa dirishani akaijaza kwa mkono wake, herufi zimesimama wima kama wanajeshi, akaweka sahihi, akanipa na mimi niweke yangu kama shahidi.

“Soma kwanza,” aliniambia.

Sikusoma. Ningesoma nini? Ilikuwa imeandikwa na Prefe. Nikasaini. Akaniambia niipige picha kwa simu yangu iwe kumbukumbu, kwa kuwa yeye simu yake ilikuwa ya vitufe, nikaipiga. Mama Ineza akaichukua fomu, akaichapa kwenye kompyuta namba kwa namba, na ile ya mkono, kwa desturi ya ofisi, ikaenda kwenye mashine ya kuchana karatasi.

Vitabu viliwasili muhula wa pili. Lori lilishusha makasha kwenye ghala moja la hapa Gikondo, na kila shule ikaja kuchukua yake. Tulifungua la kwanza wanafunzi wakiwa wametuzunguka wanapiga makofi. Nikachukua nakala ya juu. Jalada lilikuwa lile lile, rangi ile ile. Chini, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno mawili: Mwongozo wa Mwalimu.

Tukafungua la pili, la tatu, la kumi. Wilaya nzima ilikuwa imewanunulia wanafunzi wake kitabu cha walimu. Kitabu chenye majibu yote ya mazoezi yote, bila hata kisa kimoja ndani yake.

Kampuni ilisema, kwa heshima zote, kwamba ilileta kilichoagizwa, na kwamba vitabu vilivyokwisha kugawiwa havirudishwi. Basi tukafundisha navyo. Sijawahi kupata muhula wa namna ile. Mwongozo ulimwelekeza mwalimu la kufanya hatua kwa hatua, na sasa kila mwanafunzi alikuwa nao mezani ananifuatilia.

“Madamu,” msichana mmoja alinyoosha mkono, “hapa imeandikwa mwalimu aingie kwa bashasha.”

“Nimeingia kwa bashasha.”

“Oya, hapana, Madamu. Hukuingia nayo.”

Nikatoka nikaingia upya. Siku nyingine nilipokuwa nikieleza ngeli, darasa zima liliinua vichwa kwa pamoja: kitabu kilisema muda wa maelezo umekwisha, mwalimu sasa awape wanafunzi nafasi ya kuzungumza. Prefe naye aliamua kuwa majibu si uchafu. Alipita madarasani akiwaagiza wanafunzi wachukue jibu wakatafute swali lake, na kuna waliotunga maswali mazuri kuliko ya mwandishi. Kwa nje alionekana mtulivu. Lakini alikuwa ameacha kusahihisha. Tangazo lilibandikwa ubaoni na makosa matatu, likakaa wiki nzima, na walimu tukawa tunapita mbele yake kama watu wanaopita mbele ya nyumba yenye mgonjwa.

Jioni ya siku ile ya makasha mimi nilikuwa nimefungua simu yangu. Picha ilikuwepo, safi, kila tarakimu inasomeka. Nikailinganisha na orodha ya kampuni. Prefe aliruka mstari mmoja. Alinakili namba ya chini yake, ya Mwongozo.

Mkurugenzi aliitisha kikao. Alitaka kujua nani aliharibu, na macho yake yalikwisha kuchagua. Mama Ineza alisimama, mikono ameifumba mbele ya kitenge.

“Mheshimiwa, mimi nilichapa vile nilipewa, rwose, kweli kabisa.”

“Ulipewa na nani?”

Alimtazama Prefe, akainamisha kichwa. Prefe akasimama.

“Na mimi. Namba niliandika mimi. Nimekagua orodha: niliruka mstari. Yeye hana kosa.”

Kisha Mkurugenzi, yule aliyeshindwa kura, aliyekuwa na kila sababu ya kufurahi, akatabasamu kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuuona usoni mwake.

“Prefe, sisi tunakufahamu. Wewe huwezi kuruka mstari. Hata kibao cha mlangoni kwangu ulikisahihisha. Unamtetea huyu mama kwa sababu una moyo mkubwa, na tunakuheshimu.”

“Simtetei. Nasema nilikosea.”

“Mnaona?” Mkurugenzi akawageukia wengine. “Mnaona mtu mzima anavyofanya?”

Mtu mmoja akaanza kupiga makofi. Wengine wakafuata. Prefe alisimama katikati ya makofi yale amekunja ngumi, anarudia “nilikosea, nilikosea,” na kadiri alivyorudia ndivyo walivyopiga. Alinitazama mara moja tu. Alijua nina picha. Yeye ndiye aliyeniambia niipige. Hakunitaja. Mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma au mtihani.

Mimi nilikuwa nikitazama meza. Prefe alibakiza mwaka mmoja kustaafu, na shuleni palikuwa na minong’ono kwamba nafasi yake ni yangu. Na chini ya sahihi yake palikuwa na sahihi yangu, shahidi asiyesoma. Nilijiambia kwamba hakuna aliyeniuliza. Ilikuwa kweli. Hakuna aliyeniuliza.

Iliamuliwa kwamba, kwa heshima ya Prefe, Mama Ineza asifukuzwe kazi. Apewe barua ya onyo tu, ikae kwenye faili lake. Alilia kwa furaha, akapiga magoti mbele ya Prefe, yeye akimnyanyua kwa nguvu na kumwambia kwa Kinyarwanda ainuke, ainuke, ni yeye anayepaswa kuomba radhi. Hata hilo lilihesabiwa upole.

Mwaka uliofuata Prefe alistaafu. Alipewa hotuba ndefu kuhusu ukamilifu, akaisikiliza akiwa ameangalia dirishani. Fedha za vitabu vya wanafunzi zilipatikana baadaye, wale watatu wakajua habari ya ukuta, na mimi nikahamia ofisi yenye kibao.

Miaka ilipita. Nilimkuta Kabuga, pembezoni mwa Kigali, Jumamosi moja, nilipokwenda huko kwenye posa ya mpwa wangu. Nilijua anaishi nyuma ya soko, upande wa stendi ya mabasi, na nikaona aibu kupita bila kumsalimu. Alikuwa amekaa barazani, amekonda, fulana ndani ya koti la suti. Pembeni yake alikaa Mama Ineza. Miguuni mwao palikuwa na kuku mweupe aliyefungwa miguu.

“Karibu, Madamu,” Prefe alisema. “Umekuja siku ya kuku.”

Mama Ineza alicheka. Kila mwaka, alinieleza, humletea mzee kuku mmoja kumshukuru. “Huyu mzee aliokoa kazi yangu. Na mimi nilikuwa nimeharibu kweli. Nilichoka siku ile, mtoto alikuwa mgonjwa, nadhani nilichapa vibaya.”

“Hukuchapa vibaya,” Prefe alisema, kwa sauti ya mtu aliyesema jambo hilo mara nyingi mno.

“Anasema hivyo kila mwaka,” Mama Ineza aliniambia, macho yanang’aa. “Hata kuzeeka hakujambadilisha.”

Nikamuuliza kazi inaendeleaje. Akasema ipo, ni ile ile. Nafasi za juu zilitangazwa mara kadhaa, akaomba, lakini kila mara faili likifunguliwa barua inatokea. Wenzake aliowafundisha kutumia mashine sasa ni wakubwa wake. Alisema bila uchungu. Alikwisha kukubali kwamba ni haki yake.

Prefe aliniangalia.

“Ile picha,” aliuliza polepole, “iko bado kwenye simu?”

Simu nilikuwa nimebadilisha mara mbili. Picha nilikuwa nimeihamisha mara zote mbili. Siwezi kueleza kwa nini mtu huhifadhi kitu anachokikimbia. Niliitafuta, nikampa Mama Ineza simu.

“Ni kweli anavyosema,” nilimwambia. “Yeye ndiye aliyeandika namba hiyo. Mimi nilijua siku makasha yalipofika. Nilinyamaza.”

Aliitazama ile picha muda mrefu. Aliikuza kwa vidole viwili, akasoma tarakimu moja moja, midomo inacheza; karani mzuri, hata pale. Akaisoma tena. Kisha akanirudishia simu bila kunitazama.

“Mana yanjye, Mungu wangu,” alisema. “Miaka yote hii nilikuwa najiuliza mkono wangu ulifanya nini.”

Akasimama, akafunga kitenge vizuri, akainama, akamchukua kuku wake.

“Jumatatu,” alisema, “saa mbili asubuhi, ofisini kwa Mkurugenzi. Nyote wawili. Na simu.”

Akaondoka kuelekea stendi, kuku kwapani akipiga kelele. Hakuaga. Prefe alimfuata kwa macho mpaka alipopotea kati ya watu, na alipogeuka uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyevua viatu vinavyombana.

“Hapo sasa,” alisema, “ameniamini.”

Jumatatu tulikwenda. Mkurugenzi alikuwa mpya, kijana aliyesoma Uganda, lakini sifa za Prefe zilimfikia zamani. Alimsikiliza akiwa amesimama, kwa adabu, kisha akamshika mkono kwa mikono miwili. “Mzee, hata baada ya kustaafu bado unawatetea watu?” Prefe alifumba macho. Basi nikatoa simu nikaweka mezani, nikasema mimi ndiye shahidi niliyesaini bila kusoma, nikajua ukweli, nikauficha kwa miaka yote hiyo kwa sababu nilitaka cheo.

Mimi sikuwa na sifa yoyote ya kumzuia mtu kuniamini. Aliniamini papo hapo.

Barua ya Mama Ineza iliondolewa kwenye faili kabla ya wiki kwisha, na nafasi iliyofuata aliiomba akaipata. Mwezi huohuo nikaletewa ya kwangu, barua ya onyo yenye muhuri, kwa kuficha taarifa za kamati. Jioni yake Prefe alinipigia simu.

“Imefika?”

“Imefika.”

“Imeandikwa kwamba ulikosea? Neno lenyewe, ulikosea?”

“Ndiyo, Prefe. Limeandikwa mara mbili.”

Nilisikia mabasi ya Kabuga nyuma yake, na makondakta wakiita abiria.

“Na hakuna aliyepiga makofi,” alisema hatimaye, na naapa sauti ile ilikuwa ya wivu.